Mpiga Pasi Ndani ya Koti Jeupe

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, anakula mkate. Tajiri wetu alikuwa amemleta asubuhi ile, akamwambia asubiri, kisha akamsahau. Mimi nilitoka uani na beseni la maji machafu, nikamkuta. Alikuwa ameushika mkate kwa mikono miwili kama panya, anatafuna polepole bila kutazama chochote, na kila chembe iliyomdondokea mapajani aliifuata kwa kidole alicholowesha mate, akaibandua, akairudisha mdomoni. Hata zile zilizoanguka benchini alizifuata. Benchi lile watu hukalia siku nzima na vifurushi vyao vya nguo chafu. Niligeuza uso, nikaenda kumwaga maji yangu.

Niliporudi akaniuliza, "Wewe ndiye mfuaji?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mpiga pasi."

Basi, tukawa tumemaliza maongezi ya mwezi mzima.

Niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa kuchefuka ovyo. Nafua nguo za watu tangu ujana wangu. Nawajua watu kwa kola zao, kwa makwapa yao, kwa leso walizosahau mifukoni. Kuna mabwana wakubwa ninaowapisha barabarani kwa heshima huku nikijua vizuri shuka zao zikoje. Uchafu haunishangazi. Lakini uchafu nikishautoa, nataka uwe umetoka.

Yeye aliurudisha. Mchana ule nilimwona kazini. Chupa ya kunyunyizia maji ilikuwepo mezani, nzima, na hakuigusa. Alichukua kikombe, akajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakafura, akayapuliza juu ya shati. Shati nililolifua mimi, nikalisuuza mara tatu, nikalianika juani. Tone moja zito lilibaki likining'inia kwenye mdomo wa chini, akalifuta kwa mgongo wa mkono, akashika pasi. Kabla ya kuishusha kwenye nguo alilamba ncha ya kidole, akaigusisha haraka chini ya pasi, akainamisha kichwa upande kusikiliza inavyolia. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeambiwa siri.

"Tumia chupa," nikamwambia. Kwa mtu kama mimi, kumsemesha mgeni hivyo ni kazi.

"Chupa inatoa maji mengi."

"Na kikombe si ndicho tunachonywea?"

"Maji ni yale yale," akasema, akavuta shati jingine.

Tajiri wetu ni mama mmoja mwenye sauti kubwa, aliyelirithi duka kwa marehemu mumewe. Alimpa siku chache tu, kisha akampa jina. "Huyu mtu ni baridi kama chai ya jana," alisema mbele yake. "Ukimpa habari njema, mmh. Ukimpa habari mbaya, mmh. Baridi, leo nyumba yako imeungua." Naye akajibu, "Mmh," bila kuinua macho. Tukacheka, na kuanzia hapo hakuwa na jina jingine.

Habari za maisha yake alinisimulia mara moja tu, siku mvua ilipotufungia dukani. Alikuwa wa katikati katika watoto wengi, na mama yao alipowaita kula, yeye hakuitwa, kwa kuwa ilidhaniwa yupo tayari. Alipiga pasi kwenye hoteli mpaka hoteli ikafungwa. Aliwahi kuwa na mke.

"Alikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwao."

"Kwa nini?"

Akafikiri sana. "Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na kabati." Akafikiri tena. "Lakini kabati lilikuwa lake. Alilibeba."

Ningemwonea huruma, ila wakati anasema hayo alikuwa anakata kucha za miguu kwa mkasi wa dukani, na vipande vilikuwa vinarukia kwenye nguo zilizokwisha kunyooshwa.

Duka letu liko nyuma ya hospitali moja ya watu binafsi. Makoti ya madaktari na shuka za wagonjwa huja kwetu Jumatatu na kurudi Alhamisi. Mimi husukuma mkokoteni wa shuka, na makoti hupelekwa na mpiga pasi, yametundikwa begani ili yasipate mkunjo. Alhamisi moja Baridi alikuwa njiani na makoti hayo, mtu wa ghorofani akamwaga maji aliyooshea samaki. Makoti yalikuwa ndani ya nailoni. Yeye hakuwa ndani ya nailoni. Akavua shati lililojaa magamba, akavaa koti moja juu ya fulana yake, akaingia nalo hospitalini.

Alirudi amechelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kitu bila kuulizwa.

"Mlinzi ameninyanyukia," alisema.

"Amekunyanyukia vipi?"

"Amesimama. Akasema, shikamoo daktari."

"Ukamwambia nini?"

"Marahaba."

Koti lile hakulirudisha tena. Daktari aliyekuwa akilivaa alikuwa amehamia kwingine, maandishi ya jina lake kifuani yamefumuka yote, na hakuna aliyeliulizia. Baridi akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa uani. Kila siku kazi zikipungua, alasiri, alinawa uso, akalivaa, akapenya kwenye kichochoro kinachotokea ukuta wa hospitali, akaenda kukaa kwenye benchi la nje wanapokaa wanaosubiri kuona wagonjwa. Nilidhani anakwenda kutazama watu. Kumbe alikwenda kutazamwa.

Nilijionea mwenyewe siku niliyopita na mkokoteni. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele yake anamweleza habari za mtoto anayekojoa kitandani. Baridi alimtazama viatu muda mrefu. Kisha akasema, "Mmh." Mwanamke akangoja. "Atakua," Baridi akasema. Mwanamke akamshukuru, akashika kifua, akaondoka amenyooka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ule ukimya uliokuwa ukituchosha dukani, ulipovikwa koti jeupe, watu waliuona kuwa ni busara. Hakuhitaji hata kudanganya. Watu walikuja na uongo wao tayari, wakamvika juu ya koti, na yeye akainama tu upate kumkaa sawasawa.

Ndipo alipokuja yule dada msusi.

Alikuwa na saluni ndogo mtaa wa pili, mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye mikono mizuri. Siku hiyo alikuwa ameungua kifundo cha mkono kwa kile kitana cha chuma wanachokitia kwenye makaa kunyooshea nywele. Akamwonyesha.

"Maji baridi," Baridi akamwambia. "Mengi. Usipake kitu."

Nani aliyewahi kushika pasi asijue hilo? Ningemwambia mimi angenipita. Lakini lilisemwa na koti. Kidonda kikapona vizuri, naye akarudi kushukuru, na kesho yake akarudi tena na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko.

Bakuli hilo Baridi alikuja nalo dukani kwetu, akala mbele yangu. Alikuwa anafyonza vidole kimoja kimoja mpaka kwenye kifundo, halafu anavifuta kwenye suruali, halafu anashika nguo nilizozifua. Kisha akaanza kujipaka manukato ya bei rahisi, ambayo yalichanganyika na jasho la jana yakatoa harufu ya ua lililosahauliwa kwenye kopo. Kola ya koti ikaanza kuja na mafuta ya nywele za mwanamke. Alinitupia kwenye beseni bila aibu.

"Ndugu yangu, nisafishie hili. Nalihitaji kesho."

Tajiri alimzungukia akinusa. "Baridi, leo umeoga? Kuna msiba?"

"Mmh," akasema, na nikaona meno yake. Alikuwa anatabasamu. Heri asingetabasamu.

Siku moja napita na shuka nikawasikia pale benchini. Sikukusudia, lakini gurudumu la mkokoteni lilikuwa limekwama.

"Daktari, wewe huongei," msusi alikuwa anasema.

"Naongea."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akacheka mpaka akamwegemea bega. "Wanaume wote niliowahi kuwapata walikuwa redio. Wewe ni wa kwanza ambaye naweza kusikia hata pumzi yake."

Mimi pumzi ile naijua. Nasimama karibu nayo kutwa nzima. Kisha msusi akasema anahisi kama ana homa, na huyu bwana, bila kufikiri, akalamba ncha ya kidole, akamgusa kwenye paji la uso haraka, akainamisha kichwa upande kusikiliza. Yule dada akafumba macho. Aliona ni mahaba, au labda ni utaalamu. Nilinyanyua mkokoteni kwa mikono nikaenda zangu.

Nilimuuliza jioni ile, na nilitumia siku nzima kuyapanga maneno. "Utamwambia lini?"

"Nini?"

"Kwamba wewe si daktari."

"Hajaniuliza."

"Anakuita daktari."

"Nyinyi mnaniita Baridi," akasema, akajaza maji mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa mtu mwenye maji mdomoni huwezi kubishana naye.

Sasa nifike kwenye ile Jumatano. Ilikuwa alasiri, jua kali, tajiri amekwenda sokoni kununua sabuni. Baridi alitoka na koti lake kama kawaida, na mara akarudi anapita kwenye kichochoro mbio mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Alikimbia kama mtu anayebeba ndoo. Akachomoa koti jingine kutoka kwenye yale ya kurudishwa kesho yake, akaja nalo kwangu.

"Vaa."

"Nivae nini?"

"Kaka yake msusi ameumia mguu."

"Si ampeleke hospitali?"

"Haendi. Alikuwa anaruka kutoka paa la ghala la watu, usiku, na vitu vya watu. Bati likamchana. Askari wanakaa pale langoni wanatazama kila anayeingia akichechemea." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema kwa pamoja. "Rafiki yake ananingoja kule mbele. Anadhani nimeingia hospitalini kuchukua vifaa na msaidizi."

"Mimi najua nini?"

"Unajua kuosha."

Mtu mwenye haya ana tabu moja kubwa. Nilikuwa bado nalitafuta neno la kukataa, mkono wangu ukawa umeshaingia kwenye koti.

Huyo rafiki walimwita Jicho, kwa sababu jicho lake moja lilitazama kwingine. Alitupeleka bila maneno mpaka saluni. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na kibao kimegeuzwa. Tulipitia nyuma, tukaingia chumba kidogo cha kuhifadhia vitu, na Jicho akatia komeo.

Harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Kulikuwa na nywele zilizoungua, mafuta ya mgando, makaa, na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kitamu kilichooza, kama tunda lililosahauliwa kabatini. Kaka mtu alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni, kijana mwembamba, uso wa rangi ya jivu. Wenzake walimwita Paka kwa ajili ya mapaa. Dada yake alikuwa amepiga magoti, amempakata kichwa. Alipomwona Baridi alishusha pumzi kama mtu aliyekuwa amezama.

"Daktari wangu amekuja," alimwambia kaka yake.

Paka akafungua jicho. "Shemeji ndiye huyu? Mbona kama muuza magodoro?"

"Nyamaza wewe."

"Nyamaza nini, nasifia. Nina shida ya godoro."

Jicho hakucheka. Alisogea mpaka karibu kabisa na Baridi. "Mzee, nikwambie mapema tuelewane. Huyu akipona, una ndugu wawili mjini wa kukulinda. Akifa, au askari wakijua alipo, na wewe umekwisha. Sina maneno mengine."

"Mmh," akasema Baridi.

Dada akafunua mguu. Kitambaa kilikuwa kimeshikamana na nyama, na kilipobanduka kilitoa sauti ndogo. Sitaeleza yote. Chini ya goti kulikuwa na mdomo mrefu uliofunguka, kingo zake za kijani, unatoka usaha mzito wa manjano, na ngozi iliyouzunguka ilikuwa imevimba na kung'aa kama biringanya. Nzi mmoja alitua, akaondoka, akatua tena. Nilitazama ukutani. Kulikuwa na picha za wanawake wenye nywele nzuri, wote wanacheka.

Baridi alichuchumaa. Sote tulimtazama. Na mkono wake, ambao haukujua kitu kingine cha kufanya mbele ya kitu chenye joto, ukapanda mdomoni. Alilamba ncha ya kidole, akamgusa Paka kwenye paji la uso haraka, akainamisha kichwa upande.

"Unasikiliza nini?" Jicho akauliza.

Baridi aliendelea kuinamisha kichwa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele. Dada akampa kitambaa safi cha kufungia na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Nilijua kitakachofuata, na sikuwahi kumzuia, kwa maana mdomo wangu huchelewa. Alipiga funda kubwa, mashavu yakafura, akayapuliza maji kwenye kile kitambaa, akakitandaza juu ya paja lake, akakinyoosha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, vizuri, bila mkunjo hata mmoja. Tone likabaki kwenye mdomo wa chini.

Jicho alilitazama lile tone.

"Mama yangu alilea watoto wake kwa kupiga pasi," Jicho akasema polepole. "Alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kidole hivyo hivyo. Maji hivyo hivyo." Akainama kwenye jiko la makaa lililokuwa pembeni, akachomoa kitana cha chuma. Meno ya kitana yalikuwa mekundu. Akamsogezea Baridi shavuni, karibu kiasi cha kuona vinyweleo vinajikunja. "Mwambie huyu dada kazi yako."

"Napiga pasi," akasema Baridi.

"Na huyu?"

"Mfuaji."

Sijasahau alichofanya yule dada. Hakulia wala hakumtukana. Alichukua ncha ya kanga yake akajifuta kwenye paji la uso. Alijifuta tena na tena, kwa nguvu, mahali pale pale.

"Ulikuwa unanipaka mate," alisema. "Siku zote zile ulikuwa unanipima kama pasi."

"Hukuniuliza," akasema Baridi.

Paka akacheka kule chini, kicheko kilichogeuka kuwa kikohozi. "Dada, hata muuza magodoro angekuwa afadhali."

Kitana kikasogea. Hapo ndipo Baridi alipopata akili, na ningependa asingeipata. "Namjua daktari wa kweli," alisema upesi upesi. "Napiga pasi makoti yake. Ni mtu mzuri, atakuja kimya kimya. Niacheni nikamlete. Huyu atabaki hapa mpaka nirudi."

Huyu nilikuwa mimi. Alininyooshea kidole, kile kile, kikiwa bado kimelowa.

Jicho alimtazama dada. Dada alimtazama kaka yake, na mguu, akatikisa kichwa kukubali, kwa maana hakuwa na kingine cha kukubali. Komeo likafunguliwa. Baridi akatoka bila kunitazama. Komeo likarudi.

Tukangoja. Jicho alikaa mbele ya mlango. Kila kitana kilipopoa alikirudisha kwenye makaa, akakitazama kikiwaka, akakichukua tena. Nilikuwa nimekaa juu ya debe la mafuta ndani ya koti la mtu. Paka alianza kusema maneno yasiyo na mpango, akamwita mama yao, akamwambia mtu ashuke juu ya paa. Jua lililopenya kwenye tundu la bati lilitoka kwenye godoro likapanda ukutani, likafika kwenye wale wanawake wanaocheka. Hakuna aliyegonga mlango. Nadhani nilikuwa wa mwisho kuamini kwamba harudi, kwa sababu sikutaka kuamini kwamba mtu anaweza kuwa mchafu kiasi hicho.

"Na wewe," dada akaniambia mwishowe, "umekaa tu hapo. Huna la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu tulipoingia. "Mimi nafua shuka za hospitali," nilisema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Harufu hii naijua. Ikija mapema, anayetoka hospitali ni mtu aliyekatwa mguu. Ikichelewa, kinachotoka ni shuka peke yake. Mpeleke sasa hivi, dada. Askari watamkuta akiwa hai."

"Hatoki mtu hapa," akasema Jicho. "Akishikwa yeye, atatutaja sote."

Dada alimlaza kaka yake kichwa taratibu, akasimama, akamwendea. Alikuwa mfupi kuliko Jicho kwa kichwa kizima. Akamshika mkono wenye kitana, pale pale alipokishika, akaung'ang'ania. "Huyu ni wa tumbo moja na mimi," alisema. "Wewe ni wa paa moja naye. Toka mlangoni."

Jicho alikiachia kitana, kikaanguka sakafuni kikitoa moshi, akafungua komeo. "Huyo mpiga pasi wenu nitamtafuta mwenyewe," alisema, akaingia mitini.

Nilivua koti nikaufunga nalo mguu wa Paka. Lilikuwa limefuliwa na mimi, lilikuwa safi. Tulimbeba katikati yetu, mikono yake mabegani mwetu, tukapita naye barabarani mchana kweupe huku watu wanashika pua na kutupisha. Usaha ulipenya kwenye koti ukanitiririkia mguuni mpaka ndani ya kiatu. Langoni mlinzi akanyanyuka, si kwa heshima. Askari wawili wakaja. Dada akawaambia, "Ndiye huyu. Mchukueni, lakini mpitisheni kwa daktari kwanza." Wakampitisha.

Alipona. Mguu walimkata juu ya goti, na akafungwa, na huko jela nasikia anawachekesha wenzake. Dada yake alihamisha saluni mtaa mwingine, lakini kabla ya hapo, siku iliyofuata ile Jumatano, alikuja dukani kwetu. Alikuwa hajawahi kufika. Alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, akatazama pasi iliyopoa, akatazama kile kikombe. Akakichukua, akamwaga maji yaliyokuwemo sakafuni, akakirudisha kimefunikwa mdomo chini, akaondoka bila kuaga. Jicho naye alikuja, mara moja, akanunua kitu duka la jirani na kutazama ndani mwetu muda mrefu. Wote walichelewa. Baridi hakuja kazini Alhamisi ile, na chumbani kwake, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, palibaki msumari wa kutundikia shati na ndoo. Hakuna anayejua alikokwenda. "Hata kuondoka kwake hakukutoa sauti," alisema tajiri, akaanza kutafuta mpiga pasi mwingine. Mimi nilitupa kikombe.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa ile ile Jumatano, nilipotoka hospitalini kurudi dukani. Nilikuwa nataka kunawa tu. Nilipita mlango wa mbele nikasikia sauti ninayoijua, ya maji yanayopulizwa. Alikuwa mezani kwake. Alikuwa amevua koti lake, limetundikwa kwenye msumari, na ananyoosha mashati kama siku nyingine zote. Hakuwa amekwenda kwa daktari yeyote. Alitoka kule akaja moja kwa moja kumaliza kazi, na rundo lililonyooshwa kando yake lilikuwa kubwa.

Nilisimama pale mlangoni na kiatu kilichojaa usaha wa mtu, namngoja aulize. Aulize kama yule kijana amekufa. Aulize kama yule dada ameunguzwa, au mimi. Nilingoja, na nadhani kama angeuliza hata nusu ningemsamehe.

Alilamba kidole, akagusa pasi, akasikiliza. Kisha akanitazama, mimi niliyekuwa na shati tu, akanipima kutoka mabegani mpaka kiunoni.

"Koti liko wapi?" aliniuliza. "Kesho ni Alhamisi."